Jina la Mkono wa Kushoto

Jumapili, 6 Februari

Nimerudi sasa hivi kutoka dukani kwa Kasereka. Masikio bado yanavuma. Maharage yako motoni, naandika yakichemka.

Leo Sadiki kachanjwa tena. Huyu mpakiaji wa bandarini hana ngozi ya kupumzika: mkono wa kulia gitaa, wa kushoto maikrofoni, shingoni nyota. Leo alitaka kifua. Herufi kubwa, FIDELI, jina la yule mwimbaji wa Kinshasa. Sote tunampenda Fideli, ila wengine tunampenda kwa kiasi. Mama Amisa, mchanjaji wetu, alimuuliza mara mbili kama ana hakika. Akasema kifua ni chake.

Mama Amisa hachanji bila muziki. Kwao Kibombo, enzi za usichana wake, mashangazi walikuwa wakimwimbia binti anayechanjwa tumboni, na mkono wa mchanjaji ukafuata wimbo. Hapa mjini mashangazi wana kazi nyingine, kwa hiyo fono ya Kasereka, ile ya kupigia sahani za santuri, ndiyo inayoimba. Sindano tatu zimefungwa kwa uzi, masizi ya taa yamekorogwa na utomvu, kila pigo la ngoma anadunga mara moja. Anayechanjwa anachagua wimbo. Ukishachanjwa nao, ni wako. Wimbo huo ukipigwa popote, unagusa mahali pako.

Ndiyo maana ukimuuliza mtu wetu kuhusu chale yake, atakuambia muziki kwanza. Kasereka, mfanyabiashara wa Butembo, Mkristo wa kusali kila asubuhi, Jumapili anafunga duka, anafungua shati na kuonyesha chale yake ya tarumbeta. Lori lake lilikwama kwenye matope ya njia ya Punia, redio ya dereva ikapiga wimbo huo, na yeye akaapa akitoka salama atautia mwilini. Tumesikia hadithi hiyo mpaka tunaisema pamoja naye. Mama Amisa anashikilia kwamba mwimbaji bora wa nchi hii alikuwa shangazi yake, bahati mbaya hakuna aliyemrekodi. Tukabishana hadi jioni.

Mimi ninayo moja tu. Mkono wa kushoto, kwa ndani, chini ya kiwiko. Gitaa dogo na DOMINIKI. Mume wangu. Alikuwa mfanyakazi wa treni, homa ikamchukua huko huko njiani. Mwaka wa pili sasa. Wimbo wake nilimwomba Kasereka auweke chini ya sahani zote, na hajawahi kuupiga. Sitaki kuusikia.

Jumatano, 9 Februari

Redio imesema. Majina ya Kizungu basi. Nchi ilibadilishiwa jina, sasa zamu yetu. Kila mtu achukue jina la mababu.

Langu, Mwayuma, limepita. Bibi zangu wote waliitwa hivyo, hapa hapa Kindu. Jirani yangu Tereza analia tangu asubuhi, hajui mababu wangemwita nani.

Nimeshona magauni matatu. Cherehani inataka mafuta.

Jumapili, 13 Februari

Fideli naye kabadilisha. Redio imetangaza jina lake jipya, refu, kisha ikapiga wimbo ule ule wa zamani.

Sadiki alikuja na shati limefungwa mpaka shingoni, jua likiwaka. Tulicheka hadi Kasereka akalaza kichwa mezani. Kidonda hakijapona na tayari ni kosa. Maskini alikuwa akirudia tu, hata wiki moja, hata wiki moja. Mama Amisa akamwambia asubiri ngozi ipone, atamgeuzia herufi ziwe samaki. Sadiki akauliza ni samaki gani mrefu hivyo. Kambale, akajibiwa. Akatulia kidogo. Kambale anampenda.

Nilicheka na wenzangu. Mkono wangu mwenyewe sikuuwaza hata kidogo. Mjinga mimi. Nyani haoni kundule.

Alhamisi, 17 Februari

Mazoezi ya wanawake wa mtaa. Mwezi ujao atakuja mkubwa wa chama, tutamchezea uwanjani. Magauni nashona mimi, kitambaa kimoja, mikono wazi. Ndivyo ilivyoamriwa.

Bwana mmoja, msimamizi wa chama katika mtaa wetu, alipita kati ya mistari akikagua miguu. Halafu mikono. Wangu akaushika kwa vidole viwili, kama mtu anayeshika panya kwa mkia. Siku hizi kwao kila mwanamke ni sitwayeni, yaani raia.

"Sitwayeni, hii njo nini?"

"Njo jina ya bwana yangu."

"Jina ya Bulaya. Bwana yako iko wapi, abadilishe?"

"Alikufa."

Akauachia mkono. Nilidhani yamekwisha. Akasema marehemu yeye hamtafuti, lakini mkono ni wa mtu hai. Jina liondoke kabla ya sherehe. Lisipoondoka, meza yangu ya kushonea sokoni atapewa mwingine anayeipenda nchi yake.

Wenzangu walitazama chini. Siwalaumu.

Namchukia mtu yule. Naandika tena. Namchukia.

Ijumaa, 18 Februari

Kaka alipita baada ya sala. Si tulikuambia chale ni haramu, akasema. Ni kweli waliniambia, na Dominiki pia walimkataa mwanzoni, halafu wakawa wanamwalika kula kila Idi. Nadhani alikumbuka hilo, maana hakumaliza mahubiri. Aliacha mchele mlangoni akaenda.

Watu wanasema ndimu na chumvi vinafuta. Sikujaribu. Nimeutazama mkono tu. Herufi ya M imepinda. Siku ya kuchanjwa Dominiki alikaa pembeni yangu akimwigiza mkuu wa stesheni, nikatikisika kwa kicheko sindano ikiwa ndani. Mama Amisa alitugombeza wote wawili. Picha yake ninayo moja, na humo hacheki. Kicheko chake kiko hapa mkononi.

Sishoni leo.

Jumapili, 20 Februari

Niliwaeleza. Hakuna aliyecheka safari hii.

Sadiki alisema nifunge bandeji. Sawa, siku ya sherehe nafunga. Na kesho yake? Meza iko sokoni kila siku, na bwana yule anapita kila siku. Kasereka alisema tutamwombea. Amwombee, lakini atamwombea alainike au aanguke, hakufafanua.

Mama Amisa aliushika mkono muda mrefu.

"Mi nafunika, sifuti," akasema. "Lakini sifunike jina ya muntu bila kumupa ingine. Ni kumuacha inje. Kwao walimuita nani?"

Sijui. Aibu ilinijaa mwili mzima. Kazini Dominiki, nyumbani Dominiki, hata ndugu zangu Dominiki. Sikuwahi kumuuliza. Anayejua ni mmoja tu, mama yake, yuko ng'ambo ya mto, Alunguli. Na mama mkwe wangu hajasema nami tangu maziko.

Niandike sababu, maana inanichoma. Mimi nilikaa eda, kama mama yangu alivyonifundisha. Mjane hatoki. Yeye, watu wa upande wa Punia, kwao mjane anakuja kulala chini kwenye matanga pamoja na mama wa marehemu. Alinitandikia mkeka. Alinisubiri. Mimi nilikuwa nyumbani kwangu nikilia kwa utaratibu wa kwetu, yeye akilia kwa utaratibu wa kwao, na mkeka ukabaki mtupu mbele ya wageni wote. Eda ilipokwisha nilikwenda, akafunga mlango. Nikakasirika nami. Nikasema asinitafute.

Jumanne, 22 Februari

Nimevuka. Lualaba imejaa, mtumbwi ulikuwa unasukumwa pembeni, nikapata kisingizio cha kuogopa kitu kingine.

Alikuwa anatwanga mpunga. Aliniona, hakuacha kutwanga. Nilisimama pale kama mdaiwa. Maneno yote niliyoyapanga yalipotea. Nikanyoosha mkono tu.

Kusoma hajui. Akauliza inasema nini. Nikamsomea.

Mchi ukasimama.

"Tangu lini?"

"Tangu yeye iko muzima, mama."

"Mi nilizani ulimusahau. Ule mukeka nilikutandikia mi mwenyewe."

Nikamweleza eda. Pole pole, neno kwa neno, kwamba kwetu mjane akitoka amemdharau marehemu. Alisikiliza akinitazama mdomo. Mwisho akasema hakuna muntu alimueleza. Nami nikasema hakuna aliyenieleza mkeka, nilisikia baadaye sokoni. Muda wote ule. Wanawake wawili, na mto katikati.

Akaniambia jina. Kisubi. Baba yake ndiye aliyempa, mapadri wakampa lile lingine, mama akakubali kwa sababu ya shule. Lakini lile la mapadri mdomoni mwake hajawahi kulitumia, na mbele yangu alimwita mwanangu tu. Mimi nami Kisubi sijamwita hata mara moja.

Alinipa wali na sombe ya majani ya muhogo. Nilikula yote. Nilikuwa na njaa sana, sijui ilitoka wapi.

Jumatano, 23 Februari

Nimejaribu kulisema nikishona. Kisubi. Kisubi, chakula tayari. Kisubi, funga mlango.

Halinijii. Ni jina zuri la mtu nisiyemjua. Nimelia juu ya kitambaa cha chama. Doa litakauka.

Jumapili, 27 Februari

Naandika kwa shida, mkono umevimba na nina homa kidogo.

Nilipofika kwa Kasereka nilimkuta mama mkwe amekaa kwenye benchi, na kitenge chake cha kanisani. Kavuka peke yake. Nilikuwa nimemtajia siku tu, sikumwita. Alisema jina ni la mtoto wake, atasimamia liandikwe.

Mama Amisa aliuliza wimbo gani. Nikasema wowote. Akaziweka sindano chini.

"Wowote sijue kuuchanja."

Hapo nilitaka kuondoka, kweli. Nilitazama mlango. Meza yangu, bwana yule, vidole vyake viwili. Nikamwambia Kasereka sawa, autoe. Aliinua sahani zote, akautoa, akaufuta kwa shati lake, hakunitazama.

Gitaa la kwanza lilipoanza nilichukia kila mtu mle ndani. La pili lilipoingia nilishindwa kuchukia. Niliuogopa wimbo ule muda wote huu, na haukufanya kitu, uliimba tu. Sahani ikiisha Kasereka anarudisha sindano ya fono mwanzo. Na tena. Mama Amisa alifuata ngoma, tone kwa tone, akaijaza D, akaijaza O, mistari ikipishana kama ya mkeka. Nilimwomba M aiache mwisho. Aliiacha mwisho. Halafu nayo ikaingia.

Katikati ya wimbo mama mkwe alisema, bila kumwambia yeyote, kwamba huu njo Kisubi alikuwa anaimba akioga. Nikasema kwangu pia. Na kwamba ubeti wa pili alikuwa anaukosea. Kwangu pia, mama. Sadiki akatoka nje akasingizia moshi.

Sasa nina bangili nyeusi ya mkeka, na chini yake KISUBI. Gitaa limebaki.

Niliondoka mapema kwa sababu ya homa. Niliwaacha wale wazee wawili wakilinganisha chale zao za tumboni, za Punia na za Kibombo, wanacheka kama wasichana. Wanaume walikuwa wameamriwa kutazama ukuta.

Jumamosi, 4 Machi

Tumecheza. Jua, vumbi, hotuba ndefu. Magauni hayakupasuka hata moja.

Bwana wa mtaa aliusoma mkono wangu, midomo ikitembea. Akatikisa kichwa kwa kuridhika. Otantiki kabisa, jina ya asili, sitwayeni. Meza inabaki yangu.

Nilidhani nitafurahi. Nilirudi nyumbani nikaosha miguu. Kisubi naanza kumzoea, lakini yule mwingine sina tena pa kumsoma. Nimekwangua kwa ukucha juu ya bangili pale alipokuwa. Weusi mtupu.

Jumatatu, 6 Machi

Siku tulivu sokoni. Mvua kidogo alfajiri, halafu jua.

Mama mkwe alikuja mezani na blauzi yake ya kila siku. Anataka nimrefushie mkono wa kushoto, wa kulia haudai kitu. Nilimwambia mama, watu watakuona kituko. Akasema mi muzee, nani ananiangalia. Akakaa kwenye kiti cha wateja, akapandisha blauzi hadi begani ili nimpime.

Juu ya kiwiko, pale panapofichwa na nguo, palikuwa na gamba la kidonda kipya. Herufi za Mama Amisa, nazijua. DOMINIKI.

Kumbe ile Jumapili hakubaki kwa ajili ya soga.

Nilishika kamba ya kupimia, nikasoma tena tangu mwanzo. Alinitazama nikisoma. Hakuharakisha.

"Ukihitaji kumuona," akasema, "unajua kwangu."

Kisha akateremsha nguo, maana watu walikuwa wanapita. Nilipima, nikaongeza vidole viwili zaidi ya alivyotaka. Nimeshona mshono mara mbili. Tukanywa chai, akaniuliza bei ya mchele imekuwaje upande huu.