Nyasi za Chumba cha Jenereta

Deo, rafiki yangu,

Juzi walizindua chumba chako kipya cha jenereta. Nakuandikia bado nina kinyaa, na nadhani ni wewe tu utakayenielewa, maana sisi wawili ndio tulioitunza jenereta ya hospitali tukanuka dizeli mpaka wake zetu wakazoea.

Kwa ujenzi sina neno. Dizeli sasa iko nje, kwenye kibanda chake. Mlango ni wa chuma, unafungukia nje, na mtungi wa kuzimia moto umetundikwa pembeni yake. Ni yale yale uliyoyaomba mpaka wakakuita mkorofi. Ulikuwa unawaambia, "Hiki chumba si stoo," nao wakazidi kurundika vitanda na magodoro mabovu mpaka yakagusa bomba la moshi. Siku yaliposhika moto uliingia kufunga mafuta, kwa sababu nyuma ya ukuta ule ni wodi ya watoto. Watoto wote walitoka. Wewe vitanda vibovu vilikuangukia nyuma ya mlango, na mlango wa zamani ulifungukia ndani. Tulisukuma, Deo. Tulisukuma sana.

Sasa asubuhi ya uzinduzi nafungua, nakuta nini? Nyasi. Wametandika nyasi kavu chumba kizima, kama sebule ya Mhaya anayengoja wakwe, nyingine zimeingia mpaka chini ya mashine. Katibu wa hospitali ananiambia eti ni heshima kwa wageni na kwako marehemu. Heshima gani. Magodoro yamekuua, wao wanakuheshimu kwa nyasi. Tunasema sikio la kufa halisikii dawa, ila masikio ya hawa hayafi, yanaua wenzao.

Wageni wakaja, wakazisifu, zinanukia vizuri. Katibu akaniamuru niwashe mashine waisikie. Nikakataa. Akaninong'oneza, "Waitu, ndugu yangu, unatuaibisha." Nikachukua reki ya bustani nikaanza kuzikokota nje, zikipita juu ya viatu vyao vilivyong'arishwa. Hotuba ikakatika. Aliyenisaidia ni muuguzi mmoja tu wa wodi ya watoto, alipiga magoti akazitoa kwa mikono zile za chini ya mashine. Ndipo nikawasha.

Nimeitwa kikaoni Jumatatu. Wenzangu wananishauri niombe radhi. Sijui nimwombe nani.

Nyasi sikuzitupa. Nilizifunga mzigo, nikaenda nazo kijijini Ijumbi kwa mama yako. Tulizitandika sebuleni, pale pale tulipolala siku za msiba wako, tukakaa juu yake tukanywa kahawa. Alilia kidogo. Mimi pia.

Lala salama, ndugu yangu. Ufunguo bado uko mfukoni mwangu, na ukiwa kwangu hakitaingia humo hata kipande cha godoro. Wakininyang'anya, nitapanga foleni kila asubuhi na wagonjwa wa nje, halafu nipitie pale nichungulie.

Rafiki yako wa Hamugembe,
Respicius