Ngozi ya Chini ya Ngoma Yako

Bugembe, Jinja

Kwa Baba yangu mzazi, Mzee Rajabu, hapo Wanale, Mbale.

Baba mheshimiwa,

Amani ya Mwenyezi Mungu iwe juu yako na juu ya wote wanaolala chini ya paa lako. Baada ya heshima hizo, naeleza kusudi la waraka huu bila kuzunguka: ninaomba uamuzi wako kuhusu ngozi ya chini ya ngoma yako ndogo ya gwaride, ile uliyonikabidhi mimi nilipohamia huku. Simu nimeiweka kando kwa makusudi, kwa sababu sikio lako siku hizi halishiki sauti ya simu, na jambo hili halistahili kupigiwa kelele. Dada Zaituni atakusomea. Namsihi asome kama ilivyoandikwa, asitie pilipili yake.

Goti lako linaendeleaje? Je, baridi inayoshuka mlimani alfajiri bado inakuzuia kufika msikitini kuadhini? Mimi ni mzima wa mwili. Kazi ya mashine ya kusaga mahindi ingali ipo, na unga unaniingia hata masikioni. Ila moyo haujatulia, na sababu yake ndiyo hii ifuatayo.

Itakumbukwa kwamba tangu nijiunge na bendi ya hapa nimekuwa mtu wa matoazi. Mwezi uliopita Afande, yule sajini mstaafu anayetuongoza kwenye harusi na mazishi, aliniita mbele ya wenzangu akasema, "Abdu, wewe kuanzia leo shika ngoma ndogo. Lete ile ya mzee wako, nataka kuisikia." Nilifurahi kiasi cha kushindwa kula. Niliileta, nikaipiga wiki mbili, na watu walisimama barabarani kusikiliza. Kisha ngozi ya juu ikapasuka katikati ya harusi.

Nilimpelekea Mzee Waiswa wa Wanyange, mtengenezaji wa ngoma anayeheshimiwa na Wasoga wote wa kando ya ziwa. Nilimwambia ngozi ya juu imepasuka, nikarudi kazini. Sikumweleza habari ya chini, kwa kuwa sikudhani inahitaji maelezo. Niliporudi nilikuta amebadilisha pande zote mbili. Ile ngozi yako ya chini, nyembamba kama ganda la kitunguu, ilichanika wakati anaitoa. Baba, naisema wazi ili usije ukaisikia kwa mtu mwingine: haipo tena.

Nilimuuliza kwa adabu kwa nini ameigusa. Akanitazama kwa mshangao. "Sebo, bwana wangu, ngoma haifungwi upande mmoja. Na hii ya chini nani atapiga? Kazi yake kushika tu. Mimi nimekuwekea ngozi ya ng'ombe, ngumu, haiwezi kusumbua wewe."

Sikuweza kumlaumu. Katika ngoma zao ngozi ya chini hushikilia kamba tu, na mtu akiipiga huonekana mwendawazimu. Yeye hajui kwamba katika ngoma yako zile waya nyembamba hulala juu ya ngozi hiyo ya chini, na kwamba isipotetemeka, waya nazo hunyamaza. Ngozi ya juu, ya mbuzi, ameiwamba vizuri na sina lalamiko. Lakini ngoma nzima ililia kama mlango wa ghala. Siku ya mazoezi mpiga tarumbeta alisema imeshiba ugali wa posho, imelala. Wote wakacheka, nami nikacheka pamoja nao ili nisionekane mdogo.

Afande hakucheka. Alisema, "Mimi sitaki historia ya ngoma. Nataka mlio. Ijumaa ukija na hii, unarudi kwa matoazi. Yule mpiga ngoma wa Iganga iko tayari na ngoma mpya."

Tangu hapo nimejaribu njia mbili, na kila moja ina mwiba.

Ya kwanza ni ngozi ya plastiki. Muuza vyombo vya muziki mjini alinionyesha moja, safi, ya kupitisha mwanga, isiyojali mvua wala ukungu wa ziwa. Tulipoivika ilikataa kuingia. Ngoma yako ni ya kipimo cha zamani, imezidi kidogo tu, kama unene wa ukucha. Fundi wake akatoa tupa akasema ataupunguza mdomo wa shaba wa ngoma pande zote hadi plastiki ikae. Nilimshika mkono. Shaba ikishakatwa hairudi, na baada ya hapo ngoma hiyo haitapokea tena ngozi iliyofungwa kwa kipimo chake. Itakuwa ngoma ya dukani milele.

Ya pili imetoka kwa Waiswa mwenyewe, ambaye anajisikia vibaya. Kwanza alijaribu ngozi ya mwanambuzi, ikapasuka kwenye skrubu. Kisha akaleta ngozi ya ndama aliyezaliwa mfu, nyembamba, unaona vidole vyako nyuma yake. Tuliifunga kwa majaribio mchana wa jua. Baba, nilipogusa tu, waya zikaitika kama zamani ulipokuwa ukifanya mazoezi uani na Mama akituzuia tusikusogelee. Asubuhi yake ukungu ulipanda kutoka ziwani, ngozi ikalegea, nikalazimika kuikausha kwa makaa. Hilo naweza kulivumilia. Linalonitia hofu ni kwamba ndama huyo hakuchinjwa. Shehe wa hapa alisema ngoma hailiwi. Lakini najua ulivyo makini, na najua ngoma hii ikija Wanale hukaa chumba unachoswalia. Sitaki kuingiza humo kitu ambacho roho yako itakikataa, nawe ukanyamaza kwa kunionea huruma.

Kwa sasa nimeifungua ngozi hiyo, na ngoma nimeifunika kanga, imekaa juu ya magunia hapa mashineni. Kila mteja akiegemea magunia hayo moyo wangu unaruka.

Nisalimie Dada Zaituni msomaji wetu. Mama Mdogo Halima anayekupikia uji. Na Kaka Yusufu mkubwa wetu, ambaye alisema tangu mwanzo kwamba ngoma hii ilipaswa kubaki kwake. Mwambie sijaiharibu, au usimwambie lolote hadi uwe umeamua.

Shemeji Hamisi, mumewe Zaituni, ndiye aliyeleta barua hii kwa lori lake, na atarudi Jinja Alhamisi. Nitalitii jibu lako lolote, hata likinirudisha kwenye matoazi. Naomba uamue: nikate mdomo wa ngoma, nifunge ngozi ya ndama, au nikurudishie ngoma yako kama ilivyo?

Mwanao mtiifu,
Abdu Rajabu