Nilimzika Mama Neema Bungeni

Jumatano, Oktoba. Wingu limetanda tangu asubuhi lakini mvua yenyewe imegoma. Sydney imefunguliwa juzi tu baada ya miezi ya kukaa ndani, na barabara iliyo mbele ya bunge bado ni tupu. Taa zinageuka nyekundu, hakuna wa kusimama.

Leo nimemtangaza mtu aliye hai kuwa marehemu.

Ilianzia kwenye kundi la WhatsApp la akina mama. Mtu aliandika, "Mama Neema wetu ametutoka, ni corona." Mimi Mama Neema niliyemjua ni mmoja: yule Mrundi wa mtaa wa Bankstown anayetunza wazee, aliyetembea nami mlango kwa mlango nilipokuwa naomba kura. Nililia sana. Kisha nikaandika hotuba.

Siku za kawaida ningeenda kilioni na majani ya chai na sukari, na ningemkuta Mama Neema mwenyewe jikoni, anawapikia waombolezaji. Lakini kilio siku hizi kiko kwenye simu, na mfiwa haulizwi, "Samahani, hasa aliyekufa ni nani?" Unaandika pole, basi. Sisi tukishazaa tunaitwa kwa jina la mtoto wa kwanza, na hapa mjini akina Mama Neema kumbe ni wawili. Aliyefariki ni wa mtaa wa Toongabbie.

Unesi ulinifunza nisiseme mtu amekufa kabla ya kumgusa shingo. Sheria ilinifunza kudai ushahidi. Bunge limenifunza kuongea tu.

Ukumbini tulikuwa wachache, barakoa usoni. Nikataja jina lake kamili, Godeliva Nahimana, nikaeleza alivyowaosha wazee wa watu kana kwamba ni wazazi wake. Sauti yangu ilikuwa inanirudia kutoka kwenye viti vitupu ikiwa imechelewa kidogo, kama kuna mtu nyuma yangu anasoma karatasi ileile. Mgongo uliingiwa na baridi. Nilijiambia ni kiyoyozi.

Mchana nilikuwa peke yangu ofisini. Lifti ilifika, ikafungua mlango, haikuwa na mtu, ikafunga. Simu yangu ikaita. Jina kwenye kioo: Mama Neema.

Niliitazama mpaka ikakatika. Ikaita tena.

"Dada," sauti ikasema, nyembamba. "Mie... nimeishakufa?"

Binti yake alikuwa amemwonyesha video ya hotuba yangu. "Umenisema vizuri... sana," akasema. "Hata mama yangu... hakunisemaka hivyo."

Nikacheka, nikalia, nikaomba msamaha, vyote kwa pamoja. Kisha nikanyamaza, kwa sababu nilianza kuisikia pumzi yake. Alikuwa akiitafuta katikati ya maneno. Nimeisikia pumzi ya namna hiyo wodini miaka mingi kabla sijasomea sheria, na sijawahi kuizoea.

Neema akachukua simu. "Aunty, she's got COVID. Her lips are kind of blue. She won't let me call the ambulance."

Midomo ya bluu, na hataki ambulensi. Asubuhi mama yake alikuwa amekubali kwenda hospitali. Halafu akaona video. Sasa anasema serikali imeshamzika, na ukishazikwa na serikali huendi hospitali kufanya nini. Kwake ile haikuwa hotuba, ilikuwa ni taarifa kutoka upande wa pili, kwa wafu, na mimi ndiye niliyetumwa kuileta.

Kama angekufa leo pale kitandani, ingekuwa ni mdomo wangu uliomzuia kwenda hospitali.

Nikaomba anirudishie mama. "Mama Neema, nisikilize. Kesho nasimama tena mle ndani kuwaambia uko hai. Inaandikwa, haifutiki. Usinifanye mwongo mara mbili."

Pumzi tu.

"Jina langu," akasema mwishowe, "kesho utalisema polepole? Leo... umelikimbiza."

"Nitalisema polepole."

"Basi Neema... aite hiyo gari."

Wamemchukua. Neema hakuruhusiwa kuingia naye hospitalini. Zamani ningekuwa upande wa ndani wa mlango ule, nimevaa glavu, namshika mkono. Sasa mimi ni mheshimiwa, na nakaa nyumbani nikisubiri simu kama ndugu yeyote.

Nimeandika masahihisho. Ni sentensi moja: Godeliva Nahimana yuko hai. Nimejaribu kuisoma kwa sauti, polepole kama nilivyoahidi, na kila nikifika mwisho chumba kinanyamaza kana kwamba kinangoja niendelee.

Mwanasheria aliye ndani yangu anasema niandike na nyingine ya akiba, ikiwa mambo yatageuka usiku huu.

Siiandiki. Hotuba ya kumzika niliiandika mimi, na ilianza kufanya kazi.