Mbah, Sikulichagua Jaruba

Mpendwa Mbah,

Nakuandikia kwa Kiswahili kwa sababu hukukijua, na kwa sababu huko kijijini hakuna atakayekisoma. Najua watu wengine wataisoma barua hii, wa Tanga, wa Mombasa, wa hapa Dubai, lakini hao siwaonei haya kama ninavyokuonea wewe. Wasiotujua wajue tu kwamba wewe ni mama yake Mama, na kwamba huko Java, kwenye kijiji chenu kidogo cha mpunga, bibi huitwa Mbah. Mimi ni yule mjukuu wako asiyesema. Shuleni nafundishwa kwa Kiingereza na Kiarabu, nyumbani tunaongea Kiswahili cha Baba, na pamoja na lugha zote hizo mtu akiniuliza jambo nakosa la kumjibu.

Nilikuwa na miaka kumi Mama aliponileta kwako likizo nzima. Dubai tuliiacha inaungua, milango ya magari haishikiki. Kwenu niliamka nikaona moshi mweupe umejaa uani, nikataka kumwamsha Mama tukimbie. Kumbe ni ukungu. Nilisimama ndani yake, nikanyoosha mkono, nikaona mkono wangu unafifia kuanzia vidoleni, na sikuogopa hata kidogo.

Siku ya pili ulinishika vidole, ukavitazama, ukasema kwa kile Kiindonesia ulichokuwa ukikiweka kwa ajili ya wageni, "Potong kuku, ya." Potong nililijua, Mama hulitumia jikoni: ni kukata. Nikamtazama kuku wako mweupe aliyekuwa amejilalia mlangoni, hana habari, nikaangua kilio. Wewe ukadhani naogopa mkasi, ukanionyesha kwamba ni mdogo tu, na mimi nikazidi kulia. Mama alipotoka bafuni alikukuta na mkasi mkononi, mimi nimemkumbatia kuku, akacheka mpaka akakaa sakafuni. Kuku, kwenu, ni kucha. Alipokueleza, ukampa yule kuku jina hilo hilo, Kuku, na majirani wakawa wanauliza kwa nini Mbah siku hizi anamwita ndege wake Kucha.

Baada ya hapo tukawa na mchezo wetu. Unagusa kitu, unakitaja, nami nakitaja kwa Kiswahili. Meza ikawa karibu meza, sabuni karibu sabuni, karatasi tukabishana kidogo, dunia ikawa dunia kabisa. Yakifanana ulinipiga kofi la paja. Ndiyo mazungumzo marefu kuliko yote niliyowahi kufanya na mtu mzima.

Na asubuhi zile za jaruba. Wewe mbele, peku, mimi nyuma juu ya tuta jembamba, nimekunja suruali kama wewe ulivyokunja sarong yako. Miche ilikuwa midogo bado, maji yametulia, na mbingu yote imelala ndani ya jaruba. Ulipoingia kupandikiza nilikuona unatembea juu ya mawingu, unayachoma kwa miche, moja baada ya jingine, nayo yanatetemeka kisha yanatulia. Mpaka leo nikisinzia kwenye basi la shule naona hilo tu.

Tukirudi ulinipitisha kwenye zile nyumba kubwa za vigae, nguzo zimepakwa rangi ya waridi na kijani, zilizojengwa na waliokwenda kufanya kazi Malaysia, Hong Kong na huku kwetu. Nyingi zilikuwa zimefungwa. Moja ilikuwa na bibi kizee na paka, wameketi barazani kama walinzi. "Nzuri," ulisema, ukainyooshea kidole. Kisha ukatazama tope miguuni pako, ukasema tena, "Nzuri." Sikujua umesifu ipi zaidi, na sikuuliza.

Sasa nikuambie kile nilichokificha.

Mwaka jana, ulipolala kitandani na usiinuke tena, Pakde, kaka mkubwa wa Mama, alikuwa akikushikia simu tuonane. Siku ile nilikuwa na Mama dukani Bur Dubai, anampimia mteja kitambaa, akanipa simu niongee na wewe kwanza. Uso wako ulikuwa umepungua, macho yamekuwa makubwa. Ukaniuliza kwa lugha yenu ya nyumbani, "Omah apa sawah, Nduk?" Nduk nililijua, ni mimi, ni binti. Mengine sikuyaelewa. Ningeweza kusema sijaelewa. Watu husema hivyo kila siku na hawafi. Mimi nikasema nilichokuwa nikikujibu siku zote unaponisemesha kirefu:

"Sawa, Mbah."

Ukafumba macho, ukalirudia neno langu polepole kama mtu anayeonja kitu, ukamgeukia Pakde ukamwambia maneno mengi. Ulikuwa unatabasamu. Nami nikafurahi, nikijua nimekufurahisha, bila kujua kwa kitu gani.

Ulipofariki ndipo nikaelewa. Omah ni nyumba, apa ni au. Sawah ni jaruba la mpunga. Ulikuwa umewauliza wajukuu wote mmoja mmoja wanataka kurithi kipi, na wengine wote waliomba nyumba, kwa kuwa barabara mpya inapita karibu na mtu anaweza kufungua duka. Pakde alimsimulia Mama kwenye simu huku analia kwamba ulikufa umetulia, kwa sababu yupo mmoja aliyetaka tope, na mwenyewe yuko Dubai. Mama akanikumbatia. Nikamwacha anikumbatie.

Nilitaka nyumba, Mbah. Naomba nikuungamie na hili. Ningeelewa swali lako ningesema nyumba, kile chumba cha mbao za msaji alimozaliwa Mama, chenye harufu ya karafuu.

Ningenyamaza hivyo hivyo maisha yangu yote, nadhani. Lakini mwezi uliopita alikuja mtu wa mjini kwa Pakde. Anataka kulinunua jaruba ajenge vijumba vya wageni, vyenye kuta za kioo, ili watalii walale wakitazama mpunga. Baba aliposikia aliuliza watatazama mpunga gani wakishajenga juu yake. Wengine wamekwisha kuuza, na siwalaumu, vijana hawapo, migongo ya waliobaki inauma. Pakde hawezi kumjibu yule mtu ndiyo wala hapana. Ulimwachia agizo kwamba jaruba halitauzwa bila neno langu. Neno langu mimi, Mbah.

Nilimwambia Mama Jumamosi, tunakunja majora ya vitambaa dukani.

"Mama, mimi sikulichagua."

"Hukuchagua nini?"

"Jaruba. Mbah aliponiuliza, nilisema sawa. Sawa yetu. Ya Kiswahili."

Mama alibaki na ncha ya kitambaa mkononi. Niliona neno linamwingia, linageuka upande mmoja, linageuka upande wa pili.

"Mwaka mzima umekaa nalo hilo?"

"Mwaka mzima."

Baba aliingia kutuchukua, anatoka gereji Al Quoz, rangi ya gari la mtu ingali kwenye kucha zake. Mama akamweleza. Baba akavua kofia, akajikuna kichwa.

"Watu wanatoana roho kwa mashamba," akasema, "huyu kapewa lake kwa adabu tu."

"Usimcheke mtoto," Mama alisema, na yeye mwenyewe ameshaanza kucheka, kisha akawa hacheki tena, anajifuta macho kwa kitambaa cha duka. Akaniambia, "Mpigie mjomba wako. Mimi simwambii kwa niaba yako. Nitatafsiri tu, khalas."

Nikampigia, tumesimama pale pale katikati ya majora. Nilisema yote kwa Kiswahili, Mama akayapeleka. Pakde alisikiliza mpaka mwisho. Nilidhani atakasirika, au atasema jaruba wapewe wanaolistahili, na sehemu moja ya moyo wangu ilitaka aseme hivyo ili nipumue. Aliongea maneno machache tu.

"Anasema," Mama akatafsiri, "Mbah amekwenda na kosa lake, na alikwenda nalo kwa furaha. Wewe uko hai. Nyumba imeshagawanywa. Jaruba liuzwe au lisiuzwe?"

Sikuwaza makubwa, Mbah. Sijui kama nitaishi huko. Hati imeandikwa jina la Mama, kwa sababu kwenu mwenye pasi ya kigeni haandikiwi ardhi, na nikifika miaka kumi na minane nitatakiwa kuanza kuchagua niwe raia wa nchi ya Baba au ya Mama, siku ambayo naiogopa kuliko mtihani. Sijui kupandikiza. Niliwaza tu mtu amelala kwenye kijumba cha kioo, anamuuliza mhudumu pale zamani palikuwa na nini, na mhudumu hajui.

"Lisiuzwe," nikasema, kwa Kiindonesia cha Mama, kabla hajafungua kinywa kunitafsiria. Sauti ilitoka kubwa kuliko nilivyoipima. Mteja mmoja aligeuka.

Pakde hakunisifu. Alisema kesho yake wanafungua mfereji, na kwenye ubao wa zamu za maji bado kuna jina lako. Hati ni mambo ya serikali, ubao ni mambo ya kijiji, na kijiji kinamwandika mwenye jaruba. Mkewe atalilima, mavuno tugawane nusu kwa nusu, kama mlivyozoea. Halafu akauliza jina langu linaandikwaje. Kwao mimi nilikuwa mtoto wa Dubai tu.

Nikamtajia herufi moja moja. Akalisoma kwa ulimi wa kwenu, "Juhuro."

Zamani ningeitikia.

"Zuhura," nikamwambia.

"Suhura."

"Zuhura, Pakde."

Akajaribu tena, na tena, Baba akawa ananong'ona naye kama anamsaidia, mpaka likamkaa.

Jana alinitumia picha ya ubao. Wamelifuta jina lako kwa kitambaa cha maji, unaona kabisa pale ubao ulipobaki mweusi zaidi. Nisamehe kwa hilo. Langu limeandikwa juu yake kwa chaki, zamu ya Jumanne, na herufi ya mwisho imebanwa pembeni kabisa, kwa sababu nafasi yako ilikuwa ya jina fupi.

Nakuaga hapa, Mbah, Mama ananiita. Likizo nakuja, na safari hii nisipoelewa nitauliza.

Mjukuu wako wa Dubai