Fenesi la Kwanza ni la Jjajja

Mwanangu Furaha,

Kosa wanalolifanya watu wengi wanaolima pamoja katika ardhi isiyo yao ni kudhani kwamba ruhusa huombwa mara moja tu. Wakishaambiwa "limeni", hubeba majembe yao na kusahau njia ya kurudi kwa mwenye ardhi. Mwaka huu sisi wa bustani ya Kawempe tumelifanya kosa hilo, wote kwa pamoja, na sasa miti uliyotuanzishia iko mashakani. Ndiyo maana nakuandikia. Barua nimeiacha wazi, dada yako aipige picha akutumie leo hii, na isomwe na yeyote wa bustanini, kwa kuwa jambo hili ni letu sote.

Ningeweza kukutumia ujumbe mfupi wa simu. Lakini unanijua. Nimefundisha kilimo sekondari mpaka nikastaafu, na mwalimu wa aina yangu hawezi kusema "fanya hivi" bila kueleza kwa nini. Ulikuwa ukinicheka: "Papa Mwalimu, miye niliuliza tu maji iko wapi, weye ukaanzia kwa mawingu." Basi nivumilie tena, nianzie kwa mawingu.

Unakumbuka pale mahali palivyokuwa? Mteremko wote, kutoka nyuma ya nyumba za kupanga hadi kwenye mfereji, ulikuwa jaa. Tulipochimba tulitoa mifuko ya plastiki mingi kuliko udongo. Mama Atieno, jirani yangu anayekaanga chapati pale kona, Mkenya kama mimi, alisimama na jembe lake akasema, "Mwalimu, hapa tutavuna buveera. Afadhali tupande chupa, labda zitaota soda."

Wewe ulipita nyumba kwa nyumba na beseni, ukiomba maganda ya matoke. Watu walidhani unafuga. Walikuuliza mbuzi wako wanakula kiasi gani, nawe ukawajibu, "Mbuzi yangu ni udongo, na haijashiba bado." Tulirundika maganda, majivu na majani makavu, tukageuza, tukasubiri. Msimu wa kwanza tulikula sukuma wiki, na ule mchicha ambao ninyi wa Bukavu mnauita lengalenga na Waganda wanauita dodo. Kila nyumba ilikuwa na jina lake na namna yake ya kuupika, na kila nyumba ilidai wengine wanauharibu.

Kisha ukaja na miti.

Ninaona bado ile miche yako katika makopo ya maziwa, mipapai, mifenesi na miparachichi, imepangwa kwenye kizingiti cha chumba chako. Ulipoileta bustanini watu walirudi nyuma kana kwamba umeleta nyuki. Hukuelewa. Nilikueleza wakati ule, na nitaeleza tena kwa ajili ya wadogo watakaosoma hapa. Mboga huvunwa zikaisha, wala hazina madai. Mti ni neno. Katika nchi hii ya Buganda, anayepanda mti wa kudumu anasema: nipo hapa, na watoto wangu watakuwepo. Kwa hiyo wapangaji hawapandi miti, na mwenye ardhi akiona mfenesi asioupanda yeye, haoni matunda. Anaona mtu anayejipimia kiwanja.

Jjajja, bibi yetu mwenye ardhi, aliliona hilo siku ileile. Alishuka mteremko na fimbo yake, akasema kwa Kiswahili chake cha kambini, alichojifunza Mbuya alipokuwa mke wa askari: "Nani nakufa leo? Nani naweka muti kwa udongo yangu?"

Sote tulipata kazi ya ghafla. Mama Atieno akasema, "Jjajja, mimi ni wa chapati tu, miti siijui hata kwa jina." Mimi niliinama kung'oa magugu, na pale niliposimama magugu hayakuwepo. Wewe peke yako ulijitokeza. "Ni miye, Jjajja. Niko mgeni, siko nataka udongo yako. Nataka tu batoto bakule." Akakutazama, akageuka kupanda mteremko kurudi kwake. Nawe ukaacha jembe, ukamfuata nyuma.

Hatukujua mlizungumza nini. Tulikaa tukisubiri, Mama Atieno akisema kwa sauti ya chini, "Bambi, maskini, Mkongo wetu amekwisha." Uliporudi, magoti yako yalikuwa na alama za mkeka. Ukatuambia maneno ya Jjajja jinsi alivyoyasema: "Udongo ni yangu. Matunda ni ya yule ako na njaa. Lakini tunda ya kwanza inakuja kwa mulango yangu. Siku haikuji, nitajua muti imepata bwana mwengine."

Nilifundisha mambo ya mbolea na nafasi kati ya mche na mche kwa miaka mingi, na nakwambia hakuna somo la kilimo linalopita sentensi hizo. Zinamtambua mwenye ardhi na zinamlisha asiyenayo. Kisha zinaweka njia ya kukumbushana, msimu baada ya msimu, kwa mguu na kwa mkono uliobeba kitu.

Na tulikumbuka. Mapapai yalitangulia, mafenesi yakafuata. Ulikuwa ukipakaa mafuta mikononi kwa sababu ya utomvu, unalibeba fenesi begani kama mtoto, sisi wengine nyuma yako. Jjajja alikuwa akiligonga kwa vidole na kusikiliza. Mara moja alilirudisha: "Hii bado mbichi. Munataka mimi nakufa na tumbo?" Ulicheka mpaka ukakaa chini. Likiwa limeiva alilipasua palepale, akawagawia watoto waliokuwa wamekwishajipanga, yeye akibaki na vipande viwili vitatu vya kumumunya. Alichotaka ni kuona limefika mlangoni.

Kisha karatasi zenu za safari zikatoka, mkaenda huko Kanada. Asubuhi ile uliaga watu haraka haraka, lakini kwa Jjajja ulikaa hadi dereva akaanza kupiga honi. Nilielewa. Uliacha nchi yako mara ya kwanza kwa kukimbia, bila kumuaga mtu. Mara hii ulitaka kuaga sawasawa.

Sasa nifike kwenye lililotupata.

Jjajja alifariki, kama dada yako alivyokujulisha. Tulimzika vizuri, na baadaye tukaalikwa kwenye sherehe ya kumaliza msiba na kumweka mrithi. Tulikwenda. Tulikula matoke. Tulimwona Prossy, binti wa kaka yake, amevishwa lubugo, ile nguo ya gome la mti, akakalishwa na wazee na kutambulishwa kwa ukoo. Tuliyaona hayo yote kwa macho yetu. Halafu mafenesi yakaiva, na Mama Atieno akauliza, "La kwanza tulipeleke wapi sasa, kaburini?" Watu wakacheka kidogo kwa huzuni. Tukalipasua pale pale bustanini tukagawana.

Unaliona kosa? Mganda asingelifanya. Kwetu Bungoma mtu akifa kiti chake huwa kitupu, na naamini kwenu Bukavu ni vivyo hivyo. Hapa mrithi hakai kandokando ya kiti, hukikalia. Siku ile ya lubugo, Jjajja alirudi kuketi. Sasa ni Prossy: ana miaka thelathini na kidogo, anauza vitambaa Mengo, anavaa miwani, lakini hata watoto wa marehemu, wenye mvi, wanamwita mama, na wajukuu wanamwita Jjajja. Sisi tuliona ni mchezo wa kupendeza wa sherehe. Yeye aliketi akingoja fenesi. Halikuja.

Wiki iliyopita tulikuta rundo la vipandikizi juu ya bustani, vya ule mmea wa majani marefu ambao Waganda huuita oluwaanyi. Huo hupandwa kuonyesha mpaka. Ukipandwa katikati ya mteremko, miti yote itabaki upande wa juu, na sisi upande wa chini, karibu na mfereji.

Nilikwenda kwake na Mama Atieno. Alitupokea kwa heshima, akatupa chai. Nikamweleza makubaliano. Akasikiliza hadi mwisho, akauliza, "Mzee, wewe ulimsikia Ssenga akisema hayo?" Ssenga ni shangazi, ndivyo alivyomwita siku zote. Nikasema hapana, nilimsikia Furaha.

"Na wewe nnyabo?"

"Mimi pia nilimsikia Furaha," akasema Mama Atieno. "Lakini Jjajja alikula matunda yetu miaka yote, si ushahidi huo?"

Prossy akatabasamu. "Mtu hula hata tunda la mwizi, likiwa tamu." Kisha uso ukatulia. "Mimi sina ubaya na nyinyi. Ukoo unaniuliza kwa nini wageni wana miti kwa ardhi yetu, na tangu nikalie hiki kiti hakuna aliyeleta hata papai. Niwajibu nini? Aliyepewa neno na Ssenga, huyo aniambie. Nikilisikia kwake, nitalisimamia mbele ya ukoo."

Ukoo unakutana Jumapili hii. Prossy atakuwa na neno lako mdomoni, au atakuwa na vile vipandikizi.

Nimekupigia, hupokei. Najua unafanya zamu za usiku na mchana unalala. Dada yako akanipa jibu lako: "Mwambie Papa Mwalimu miye nilishaondoka. Sina neno tena kule. Nilikuwa mpangaji tu, na mukimbizi."

Furaha, sikukasirika niliposikia. Mtu aliyehamishwa mara mbili hujifunza kufunga mlango nyuma yake kwa nguvu, asije akasikia sauti za ndani. Dada yako anasema hutaki hata picha za bustani, unamwambia azifute. Nami nisingekuletea tena sauti hizo kama pangekuwa na mwingine wa kuziitikia. Ila fikiri. Jjajja alikuwa na wapangaji waliozaliwa palepale Kawempe, alikuwa na mimi mwenye vyeti vyangu, na neno lake akalikabidhi kwa mkimbizi aliyemfuata hadi kwenye mkeka. Hakukosea njia. Nchi inaweza kukupa karatasi na kuzichukua, mwenye nyumba anaweza kubadili kufuli, lakini neno alilokupa marehemu hakuna wa kukunyang'anya, na kwa mila ya hapa hakuna wa kulisema badala yako. Unasema huna neno kule. Kumbe lililobaki ni lako peke yako.

Na nikwambie miti ilivyo. Mfenesi wa karibu na njia umenenepa hadi mikono yangu miwili haikutani. Mparachichi ulioinama, ule uliotaka kuung'oa nikakuzuia, huo ndio unaozaa sana. Chini yake akina mama wapya kutoka Kongo, ambao hukuwahi kuwaona, hukaa kuchambua sombe, kisamvu chenu. Wanauliza nani alipanda, tunawatajia jina lako. Wanalitamka vizuri kuliko sisi.

Fenesi moja tumelibakiza mtini, limefungwa kamba lisianguke. Kesho asubuhi tutalipeleka Mengo, Mama Atieno amekwisha kununua mafuta ya mikono. Tutaomba radhi kwa kuchelewa, na hilo ni letu kufanya. Lakini fenesi halisemi. Linahitaji kutanguliwa na sauti.

Namba yake nimeiacha kwa dada yako. Usianze na miti. Msalimie, muulize ameshindaje, mpe pole ya msiba kwa kuwa hukuwepo, na umwache akujibu yote bila kuharakisha. Atakuuliza mwenyewe. Hapo mpe maneno ya mkekani kama ulivyoyapokea, usiyatengeneze, kwa lugha ileile iliyovunjika, maana atamtambua shangazi yake humo.

Kula vizuri, jifunike, na usinichoke.

Leo, ukitoka kazini, kabla hujalala, mpigie Prossy, na neno lako la kwanza kwake liwe "Jjajja".

Ni mimi, baba yako wa bustanini,
Papa Mwalimu