Mabati ya Mama Nshobole

Mwaka umeshatimia, Mama Nshobole, tangu uvue kandambili zako pale mlangoni kwako, mtaa wa Keshero, ukalala na presha yako, usizivae tena. Bado ziko pale. Mume wako Papa Cubaka anazipanguza vumbi, halafu anagombeza kila mtu eti nani amezisogeza.

Tunakukumbuka na beseni la sambaza, vile visamaki vya ziwani, kichwani, ukiwaita wateja kwa majina ya watoto wao. Tunakukumbuka na Biblia yako, kidole kikifuata mstari polepole, na kicheko chako ulipofika kwa Yona. "Alilipa nauli bure," ulikuwa unasema. "Mungu alishampangia safari ingine." Kaka yako Bashige, aliyezunguka Uvira, Kalemie, Butembo, na hajawahi kumaliza mwaka chini ya paa moja, hukumwonea haya hata mbele ya wageni: "Wewe na Yona, kaka, mumelipa nauli mingi."

Volkano ilipofunika msingi wa kanisa letu dogo kule Buhene, watu wa shirika, majirani tunaosali pamoja, walilia. Wewe ulisubiri mawe yapoe. Ukasema, "Tulikuwa tunayabeba kwa kichwa kutoka mbali. Sasa yamekuja yenyewe." Kuta zikasimama kwa mawe yaleyale.

Lakini yale mabati, mama. Hapo ndipo hatujatulia.

Shirika lilinunua mabati mapya, manjanja tunavyoyaita, likayaweka uani kwako yamngoje fundi. Ukachora msalaba wa rangi ya buluu kwenye pembe ya kila bati, mwizi aogope. Kisha mvua ikawapiga wakimbizi wa kambi ya Kanyaruchinya. Ukamkuta Béata, mama wa kutoka Rutshuru, ananyonyesha kitoto chini ya turubai lililopasuka. Siku ileile mabati yakapandishwa kwenye chukudu, ile baiskeli ya mbao ya kusukuma mizigo, hukuuliza mtu. Papa Baharanyi, mkubwa wa shirika, alikuja anahema.

"Mama, manjanja ya Mungu umeyapeleka wapi?"

"Kwa Mungu. Alikuwa ananyeshewa."

Baadaye vita vikaingia mjini, kambi ikatawanyika, watu wakarudi kwao na chochote walichoweza kubeba. Mabati nayo yakaenda. Kila Jumapili Baharanyi akawa anakuchokoza: "Ule mpango wa Mungu unaosema hauzuiliki, naona umezuilika pale kwenye kenchi." Ulimjibu ukimenya viazi. Yusufu, ulisema, aliuzwa na ndugu zake wakadhani habari yake imekwisha, kumbe wamemtanguliza akawatafutie chakula. Mungu akikusudia jambo, harudishwi nyuma na mtu.

Ukatuacha kanisa likiwa wazi juu.

Hilo ndilo lililomtoa Bashige nyumbani. Baada ya mazishi alichukua nyundo na kamba, akasema jina la dada yake halitachekwa kila Jumapili, mabati atayarudisha na misalaba yake. Aliulizia kijiji kwa kijiji upande wa Rutshuru, miguu ikavimba, hadi akaona juu ya kilima paa linalong'aa, na misalaba ya buluu pembeni. Kanisa la pale lilikuwa limeungua. Watu walijenga chumba kimoja kwa mabati yako: siku za kazi watoto wanasoma humo, Jumapili wanasali.

Béata alimpokea, akaulizia hali ya mama wa sambaza. Bashige akamwambia. Mwanamke akaitazama ile kamba begani.

"Muzee, umekuja kuyachukua?"

Bashige aliangalia juu, kwenye paa.

"Nimekuja kuangalia misumari," akasema.

Akapanda. Alishinda juu ya paa, akikaza msumari uliolegea na kugonga upya uliopinda, mpaka jua likapoa.

Amerudi, lakini raha hana. Anazunguka ua, anauliza: kama Mungu alikuwa anapeleka paa kule tangu mwanzo, ilimgharimu nini kukuacha ulione? Kila asubuhi anasema kesho anaondoka. Kila asubuhi anashika msumeno, anakata mbao za paa la Buhene, na Baharanyi anamshikia upande wa pili huku analalamika kwamba zinakatwa vibaya.

Misa yako ni Jumamosi hii, saa tatu asubuhi, Buhene, ndani ya kuta zako, chini ya mawingu. Ndugu na marafiki mnaosoma haya, mje na miavuli. Baharanyi ameomba ashike ule wa padri.

Tunaokukumbuka ni mume wako Papa Cubaka, watoto wako Joviale na Guylain, kaka yako Bashige, na Béata wa Rutshuru, aliyetuma neno aandikwe pamoja na watu wa nyumbani.

Daima uko nasi, Mama Nshobole. Mvua ikianza tu, wewe ndiwe tunayekutaja kwanza.