Majeruhi Thelathini na Mmoja wa Daro: Kwa Mama Yetu, Mwalimu Tsiala Mchedlidze

Umetimia mwaka, Mama, tangu asubuhi ile ya Oktoba ulipoacha chai yako nusu na miwani yako yote miwili juu ya daftari, ukasema unajinyoosha kidogo, na hukuamka tena.

Wengi hapa wilayani wanakukumbuka kama mwalimu wao wa Kirusi, aliyewatoa jasho kwa miaka thelathini na minane. Sisi tunaikumbuka zaidi miaka yako kumi na mmoja ya mwisho. Ulijifunza kompyuta ukiwa na miaka sabini, ukatukana kila kitufe, kisha hukuinuka tena kwenye kile kiti. Watu walikuletea medali za babu zao zimefungwa kwenye leso. Ulisoma namba iliyogongwa nyuma, ukaingia kwenye hifadhi ya nyaraka mtandaoni, ukatafuta ile karatasi ambayo kamanda aliiandika wakati wa vita kumwombea askari wake nishani. Ukaipata, ukaitafsiri kwa Kigeorgia, ukawasomea watu jikoni kwako alichofanya mzee wao. Wengi walikuwa hawajawahi kukijua. Ulilipwa jibini na kokwa za jozi, na mara moja jogoo mzima mzima ambaye ulishindwa kumchinja.

Ulikuwa unagombana na wafu kama vile wapo chumba cha pili. "Kamanda mvivu huyu!" tulikusikia ukifoka. "Mtu amepoteza mguu, yeye kaandika mistari miwili!" Tukikuita mezani, unajibu tusubiri, upo katikati ya mapigano.

Hukumtia mtu chumvi. Yule bwana wa Kutaisi aliyetaka babu yake aonekane simba zaidi, tunamkumbuka.

"Mwalimu, andika Wajerumani hamsini. Nani atajua?"

"Karatasi inasema watatu."

"Watatu ni wachache, Mwalimu, nitawaambia nini watoto?"

"Waambie watatu. Na wewe ukaue mmoja kwanza, ndipo uje kunifundisha hesabu."

Aliondoka amenuna. Baada ya wiki alirudi na mtungi wa asali, akaichukua karatasi ya wale watatu. Ndiyo maana jambo tunaloandika hapa linatuchoma, Mama. Mtu uliyekuwa hivyo kufanyiwa hivi!

Lamara alikuja kwako majira ya baridi, karibu miaka miwili iliyopita. Alileta medali ya bibi yake, Daro Lomtadze wa Chalisubani, ile ndogo ya fedha waliyopewa askari kwa sifa za vita. Aliitoa kwenye kopo la chumvi, kwa sababu humo ndimo bibi yake alimoificha kwa miaka arobaini. Ulimuuliza kwa nini hakuivaa. Lamara akaona haya kusema, ukambana, akasema. Daro alipoolewa, shemeji zake walimwambia siku ya harusi ya jirani: "Vua kitu hicho. Tunajua nyinyi wanawake mlikuwa mnazipatia wapi." Walimaanisha kitandani mwa maofisa. Na si wao tu. Nchi nzima iliwacheka hivyo wanawake waliorudi na medali ile, na wengi wao wakazitia kabatini wakanyamaza. Daro alikufa mwaka 1986 bila kuitundika tena kifuani hata siku moja.

Ulitafuta karatasi yake wiki tano. Ulipoipata ulitupigia simu sisi sote, mmoja mmoja, unalia na kutukana kwa pamoja. Daro alikuwa mhudumu wa majeruhi. Katika siku nne, kwenye ukingo wa mto Dnieper, aliwatoa chini ya risasi askari thelathini na mmoja, pamoja na bunduki zao. Ulitueleza kwamba jeshi lilikuwa na kipimo chake: aliyewatoa kumi na watano na silaha zao alipata medali, aliyefikisha ishirini na watano aliandikiwa Nishani ya Nyota Nyekundu. Kamanda wake aliijua kanuni, akamwandikia Nyota. Kisha mtu fulani huko juu, ambaye hakuuona ule mto wala wale majeruhi, akachukua penseli ya bluu, akakata, akaandika medali ndogo.

"Amepunjwa na mkubwa mmoja, wakaja wanakijiji wakamalizia," ulisema. "Sasa basi."

Pamoja na hiyo uliitafsiri karatasi ya mumewe, Bagrat, kwa uangalifu uleule. Bagrat alikuwa mwokaji mikate wa jeshi, kilomita nyingi nyuma ya mapigano, na alipata medali kwa kuoka bila kukosa siku hata mabomu yalipoanguka. Hukuona aibu yoyote ndani yake. Ulisema bila mkate yule Daro angemburuta nani.

Nyumba ya utamaduni ilikuwa inatengeneza ubao mpya wa wapiganaji wa Chalisubani kwa ajili ya tarehe tisa Mei, sikukuu ya ushindi wa vita. Ulimpelekea mkuu wake, Jumberi, karatasi zote mbili. Jumberi ni mtoto wa kaka yake Bagrat, wala hilo si siri. Alizipokea kwa mikono miwili, akakuita hazina ya wilaya.

Siku ya tisa ulivaa koti lako la kijivu, ukanunua maua, ukaenda na Lamara. Mimi Nargiza ndiye niliyewaendesha, kwa hiyo niliona kwa macho yangu. Jina la Daro halikuwepo. Chini ya picha ya Bagrat, kwa herufi za dhahabu, palisomeka kwamba aliwatoa majeruhi thelathini na mmoja pamoja na silaha zao. Maneno yalikuwa yako, Mama, tafsiri yako, mpaka mahali ulipoweka koma. Lamara alishika mkono wangu mpaka ukaniuma.

Hukungoja hotuba ziishe.

"Jumberi! Mkate aliuweka wapi baba yako mdogo alipokuwa anaburuta watu?"

Mtu aliyekuwa na maikrofoni akaishusha. Jumberi akaja mbio na tabasamu kavu.

"Mwalimu, taratibu, kuna wageni. Hawa ni mke na mume. Wamezikwa pamoja. Sifa si imebaki nyumbani?"

"Basi kesho njoo ofisini na sketi ya mkeo. Si imebaki nyumbani?"

Wanawake waliokuwa nyuma wakaangua kicheko. Jumberi akawa mwekundu, akasogea, akakuambia kwa sauti ya chini, lakini mimi nilisikia kila neno: "Unataka tuandike ukutani kwamba mke wa Bagrat alikuwa na medali ile? Watu wataanza tena maneno yao. Mimi namstiri, Mwalimu. Wewe ndiye unayemvua nguo."

Ulimjibu kwamba mwanamke aliyetambaa matopeni na mwanamume mgongoni mara thelathini na moja hahitaji kustiriwa na mtu ambaye hajawahi kubeba hata gunia la mahindi. Kisha ukayaweka maua yako sakafuni, si chini ya ubao, ila upande ule wa ukuta uliokuwa mtupu.

Kuanzia Mei mpaka Oktoba uliandika barua sita. Ulijibiwa mbili, zote zikisema suala linashughulikiwa. Hatusemi ubao ndio uliokuua. Moyo wako ulikuwa mgonjwa, daktari alikwisha kutuonya. Tunasema tu kwamba daftari lililokuwa mbele yako asubuhi ile lilikuwa limefunguliwa kwenye barua ya saba.

Na Jumberi alikuja mazikoni! Alileta shada kubwa kuliko yote. Kwenye karamu ya msiba alisimama na pembe ya divai, akanywa kwa jina lako, akasema ulipenda ukweli. Kaka Amiran alitaka kuinuka, mama mdogo Venera akamkalisha kwa kumvuta mkanda, kwa sababu siku ya kumzika mama hakupiganwi. Tulimeza, Mama. Tukajiambia mtu huyu ameona haya, ataubadilisha ubao kabla mwaka haujaisha. Tulimwandikia mara tatu. Mara ya mwisho alimwambia Amiran barabarani, watu wakisikia, "Mama yenu alikuwa na kiherehere, Mungu amrehemu. Nyinyi msimrithi."

Tumemrithi.

Juzi nilipoleta maneno haya gazetini, mhariri aliyasoma akakuna kichwa. "Dada Nargiza, kumbukumbu ni ya marehemu wenu, si ya ugomvi. Weka picha ya mama, weka mistari ya upendo." Nikamwambia asiweke picha. Anayekujua hahitaji picha yako, na nafasi hiyo tunaihitaji. Akauliza tunataka kuweka nini. Nikampa kazi yako, kwa mwandiko wako, na nikakaa pale mpaka alipoipanga. Hii hapa, hatukugusa kitu:

"Lomtadze, Daro. Mzaliwa wa 1922, kijiji cha Chalisubani. Mgeorgia. Askari, mhudumu wa majeruhi. Katika mapigano ya tarehe 14 hadi 17 Oktoba 1943, kwenye ukingo wa kulia wa mto Dnieper, aliwafunga vidonda na kuwatoa uwanjani, chini ya risasi na mizinga, askari thelathini na mmoja pamoja na silaha zao. Tarehe 16 alijeruhiwa bega la kushoto. Alikataa kuondoka. Majeruhi tisa wa mwisho aliwavuta kwa mkono mmoja. Anastahili Nishani ya Nyota Nyekundu. Sahihi ya kamanda wa kikosi. Juu, kwa penseli ya bluu na mwandiko mwingine: medali. Imetafsiriwa na T. Mchedlidze."

Gazeti hili linaingia kila nyumba Chalisubani. Linaingia na ofisini kwa Jumberi.

Unakumbukwa na watoto wako Nargiza na Amiran. Mkwe wako Otia. Dada yako Venera. Wajukuu wako Tatia na Ucha, ambao sasa wanajua kusoma mwandiko wa makamanda. Na wanafunzi wako wote. Lamara, mjukuu wa Daro na wa Bagrat, aliomba jina lake liwekwe hapa pamoja na yetu. Tulimwonya kwamba ndugu wa babu yake watamtenga. Akajibu kwamba leo anakuja kaburini kwako, mchana, kwa kupitia katikati ya kijiji, na medali ameivaa.

Mama, siku zote za maisha yetu utakuwa nasi.